Mkono Unaoonja Kwanza

Lyamba hakuweka kikombe mdomoni kabla aliyemletea hajaonja. Maji, uji, togwa, hata chai ya mgonjwa, alingoja. Ndivyo bibi yake alivyomlea kule Karema: mkono unaokupa uonje kwanza, ujue hakuna kitu ndani. Kwa miaka kumi na minne mkewe Restituta alimwonjea. Hata walipogombana alionja, akasonya, akamkabidhi.

Aliacha kumwonjea siku Lyamba, fundi baiskeli, alipouza baiskeli ya mteja iliyoletwa kubadilishwa mnyororo tu, pesa yote akainywea pombe ya komoni. Restituta alimwekea kikombe cha chai mbele yake.

"Kunywa. Kama ni sumu, ikukute."

Lyamba alikitazama mpaka chai ikafanya utando. Tangu hapo hakunywa kitu nyumbani. Alinywea vilabuni, ambako mpika pombe huonja mbele ya mteja bila kuombwa.

Ikapita miaka mitatu. Ndipo hospitali ikamlaza siku tisa, kisha ikamwelekeza kwenye kikundi cha Shanwe, kule mjini, cha watu walioacha pombe, wanaokutana kila Alhamisi mchana. Miezi saba sasa hajagusa. Kanisani watu humpa Restituta mkono, wakisema Mungu ni mwema, naye huitikia huku kitu kikimkereketa kifuani. Ni yeye aliyemzoa mitaroni. Ni yeye aliyemfulia matapishi. Kalima yeye, wamevuna wageni.

"Mwanaume haachi pombe hivihivi, shoga," jirani yake Pudensiana alimwambia wakichambua dagaa. "Ujue kuna anayemwachisha."

"Nani?"

"Mimi nitajuaje? Miguu unayo, nenda."

Alhamisi akaenda, akasimama nyuma ya ua wa matete. Lyamba alikuwa katikati ya mabenchi akisimulia habari za ile baiskeli, aibu aliyoiona, jambo ambalo nyumbani hakulitaja hata siku moja. Kisha Scolastica, mjane anayeongoza kikundi, aliyewahi kulewa kuliko wanaume, akamimina chai. Akaonja kikombe cha Lyamba, akampa. Lyamba akakimaliza.

Afadhali angewafumania kitandani. Restituta alirudi akipitia kwa mpika komoni. Njia nzima aliwaza neno moja: alipokuwa mlevi, alikuwa wangu. Hakuna mwingine aliyemtaka.

Jua lilikuwa bado juu ya bati Lyamba alipofika kutoka kazini, akanawa grisi, akaketi. Restituta akamletea kikombe. Akakiinua mbele yake, akaonja.

Uso wa Lyamba ukafunguka. Hakunusa wala hakuuliza, maana alikuwa akimtazama mkewe, si kikombe. Akanyoosha mikono yote miwili, na Restituta akaona kwamba haitetemeki. Hata kidole kimoja. Vidole vyake mwenyewe vikakataa kuachia.

"Niachie basi, Mama Gaude," Lyamba alicheka, akivuta kidogo.

Restituta akakigeuza kikombe. Komoni ikamwagika sakafuni, harufu ikapanda yenyewe. Lyamba akatazama povu likinywewa na udongo. Mikono ikaanza kumtetemeka, akaikalia.

"Nimekuona Shanwe," Restituta alisema. "Anakuonjea."

"Anatuonjea wote."

"Tangu lini watu wa mjini wakaonjeana?"

"Tangu niliposhindwa kunywa chai yao. Wakaniuliza, nikawaambia mke wangu ndiye alikuwa ananifanyia. Wakaona ni kitu kizuri, wakakichukua. Mimi nilidhani nimewapa cha kwako. Sikujua nakuibia."

Restituta alikaa chini pale pale, karibu na unyevu, harufu ikimpanda puani, akiona jinsi alivyobakiza kidogo tu ampoteze, na kwa mkono wake mwenyewe.

Lyamba akainuka. Akakisuuza kikombe kwa maji, akakisuuza tena, akakinusa, akakiweka mbele ya magoti ya mkewe. Neno lake la mwisho jioni ile lilikuwa hili:

"Bandika chai, Mama Gaude. Nitangoja uonje."