Pilau Moto na Mikebe ya Aiskrimu

Majuzi, baada ya ibada, tulipanga foleni ya pilau ya kubeba nyumbani kwenye ukumbi wa kanisa letu huku ughaibuni, mtaani Mount Dennis. Mama mpakuaji alikuwa akiijaza, ikingali moto, kwenye mikebe mitupu ya plastiki ya aiskrimu, kama ilivyo desturi yetu Wakenya.

Mbele yangu alikuwa mama kijana na wanawe wawili. Binti mkubwa ana kisukari, na kidude cha kumpima sukari kimebandikwa mkononi. Yule mchanga alikuwa amebebwa kiunoni. Mama huyo akatoa sufuria mkobani.

"Nipakulie humu, mama. Chakula kikiwa moto, siku hizi siweki kwenye plastiki."

Mwiko ukasimama hewani. "Mikebe hii nimeiosha mwenyewe."

"Najua, mama, ni safi. Shida ni kemikali za plastiki yenyewe."

"Kwani daktari alisema ndizo zilimpa mtoto sukari?"

"Hapana. Alisema bado wanachunguza, hawajui." Akampandisha yule mchanga kiunoni. "Lakini sitaki huyu ndiye awasaidie kujua."

Nimesikia mahubiri marefu ukumbini humo yaliyosema machache kuliko hayo. Mpakuaji akajaza sufuria, akaongeza nyama bila kuombwa, kisha akatutazama tuliobaki.

"Na nyinyi, sufuria zenu ziko wapi?"

Jumapili hii, katikati ya sala ya kimya, kifuniko cha sufuria kilianguka kwa kishindo. Hakuna aliyegeuka kumkodolea mtu macho. Kila mmoja wetu alikuwa akipapasa chini ya kiti kuhakikisha si chake.