Mtihani wa Kasiva Wafanyiwa Mferejini

Mitungi imeshika foleni Kianda kabla ya wenyewe kufika. Ndiyo desturi ya hapa Kibera: mtungi wako ukiwa kwenye mstari, na wewe umesimama, hata kama uko nyumbani unakoroga uji. Mmoja umefungwa kitambaa chekundu mkononi, mwingine umechorwa msalaba kwa rangi ya kucha.

Asubuhi hii Kasiva Munyao, muuza maji mwenye umri wa miaka 43, anafungua mfereji huku midomo yake ikimalizia sala. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi Dkt. Naftaly Shiundu, mhadhiri wake wa chuo kikuu. Leo Kasiva anafanya mtihani wa mwisho wa shahada ya maendeleo ya jamii, aliyoisomea jioni kwa miaka minne. Hana karatasi wala kalamu. Watakaomuuliza ni majirani zake. Akianguka, atarudia mwaka mzima, na karo ya mwaka mwingine hana.

"Usifunge maji kwa sababu yangu," mhadhiri anamwambia. "Nimekuja kuona kazi."

Mtihani wa kawaida ulikuwa ufanyike Januari mwaka huu wa 2008. Siku hiyo, katika fujo za baada ya uchaguzi, matairi yaliwaka barabarani na hakuna aliyethubutu kutoka. Wenzake wanaoishi mitaa tulivu waliufanya. Yeye na wengine wa Kibera na Kawangware hawakufika.

Idara ilitaka kuwapa karatasi nyingine. Shiundu akapinga.

"Tumewafundisha miaka yote hiyo namna ya kukaa na watu," anasema. "Kisha ukaja mwezi ambao kukaa na watu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Sasa tuwaulize ukurasa wa kitabu? Mimi nilisema twende tuwaulize waliokaa nao."

Idara ilikubali shingo upande, kwa sharti kwamba mambo yafanyike hadharani na alama zipimwe kwa kipimo kile kile cha wengine.

Wa kwanza kuuliza ni Magdaline, muuza mboga ambaye wote humwita Mama Daisy. Kwao ni upande wa Ziwa; Kasiva kwao ni Ukambani.

"Kasiva, ile wiki ya fujo ulituambia tuondoe alama kwa mitungi. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Niliogopa, Mama Daisy. Vijana walikuwa wanapita wakiuliza huu mtungi ni wa nani, na huyo ni kabila gani. Nikaona hizo alama zinatuuza."

"Na ikakuwa?"

"Ikakuwa vita."

Watu wanacheka. Siku yenyewe hakuna aliyecheka. Mitungi yote ni ya njano, ile ya mafuta ya kupikia. Bila alama hakuna aliyejua wake. Kufikia adhuhuri, majirani waliokuwa wamelindana usiku kucha walikuwa wameshikana mashati. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia.

Kasiva alifunga mfereji, akawaita wote, na safari hii akawauliza wanataka nini. Ni Mama Daisy aliyesema alama zirudi. "Wakinitaka, wananijua hata bila mtungi," alisema. Wakakubaliana foleni ilindwe na watu wawili wawili, mmoja wa Ukambani na mmoja wa Ziwa, wakipokezana. Tangu siku hiyo watu waliteka maji hapo bila ugomvi, kwa shilingi tano mtungi, ingawa kwingine ulifika ishirini.

Mhadhiri ana swali moja tu. "Na darasani hiyo tuliiitaje?"

"Kushirikisha jamii, Mwalimu. Oktoba niliiandika vizuri ukanipa A. Januari nikaifeli hapa, nikairudia siku hiyo hiyo."

Okello, fundi seremala, anainua mkono akiwa nyuma ya foleni.

"Mtungi wangu ulipasuka kwa huo msukumano. Hiyo karatasi yenu ingeuliza habari yake?"

"Haingeuliza," Shiundu anakubali.

"Basi andika. Na ile asubuhi ya kwanza mimi simpi kitu. Hizo siku zingine, mpatie."

"Wewe Okello una roho ngumu," Mama Daisy anamwambia.

"Mama, huu ni mtihani, si harusi."

Majirani wanauliza, wanabishana juu ya alama za kumpa, Shiundu anaandika, na mitungi inaendelea kujaa. Mwishowe Shiundu anasimama na kusoma alama mbele ya wote: sitini na nne. Mama Daisy anapiga kigelegele. Kasiva anainamisha kichwa kidogo, kisha anavuta mtungi unaofuata.

Wiki mbili baadaye idara imezipitisha alama hizo. Kasiva atahitimu Desemba. Ameambiwa pia kwamba akitaka kuziongeza anaweza kuandika karatasi ya Agosti. Amekataa.

"Hizi nimepewa na watu ninaokaa nao," anasema. "Nikienda kutafuta zingine, nitawaambia zao zina kasoro gani?"

Darasa linalofuata litapimwa kwa njia zote mbili, karatasi na majirani. Shiundu amemwomba Kasiva awe mmoja wa waulizaji, naye amekubali bila kusita. Wa kwanza atakayemuuliza ni Victor, mwanafunzi anayechambua taka na vijana wenzake huko Kawangware. Swali lake ameshalitayarisha.

"Nitamuuliza alikosea wapi," anasema Kasiva. "Akiniambia hajakosea popote, huyo arudi akasome."