Dalali wa Ngamia Aliyenichagulia Pikipiki

Simu ilinikuta Jumanne asubuhi nikinyoa ndevu, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniambia, kwa Kiswahili kinachokipita changu kwa usafi, kwamba baba yake amerejea kwa Mola na kwamba walimzika Garissa jana yake kabla ya adhuhuri. Alipotaja jina niliketi. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mmezoea kunisikia nikigombana na wabunge na wenye nyumba, na nina hakika wiki hii mlitarajia ugomvi mwingine. Mniwie radhi. Leo nina msiba wa mtu ambaye hamkumjua, dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, ambaye katika miaka ya tisini alinichagulia pikipiki.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimepelekwa huko kutoka nchi ya baridi na majani chai, na kwa kuwa sikuwa na mke wala akili nyingi, tamaa yangu kubwa ilikuwa pikipiki ya safari ndefu. Sikutaka kile kidude cha kwenda sokoni na kurudi. Nilitaka injini ya wastani, kiti cha kukalia kutwa nzima, na keria ya kufunga mizigo. Mwezi ule mjini ziliuzwa mbili, zote kuukuu. Moja ilikuwa nyekundu, ya mwenye duka mmoja, tangi lake likimeta hata ukajiona meno. Ya pili ilikuwa ya kijivu, ya mhandisi wa kigeni aliyekuwa akimaliza mkataba wa kuchimba visima, kiti chake kirefu kimeshonwa upya kwa turubai. Moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwa nyekundu. Mzazi wa mwanafunzi wangu ndiye aliyenionya nisinunue kitu chenye mgongo bila kumwonyesha yule dalali. Nilicheka, kisha nikaenda.

Nilimwita adeer, yaani amu kwa Kisomali, kama wanafunzi walivyonifundisha kuwaita watu wa rika lake. Yeye aliniita maalim. Alifika kwa mwenye nyekundu akichechemea, hakusalimia pikipiki kwanza bali mwenyewe, akauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mvua. Katikati ya salamu aliweka kiganja kwenye injini kama mtu anayeegemea ukuta. Kisha akaaga. Tulipofika barabarani akaniambia ameikuta ina joto, na injini yenye joto kabla ya mnunuzi kufika ni kama ngamia aliyenyweshwa alfajiri ili aonekane ana tumbo. Mwenyewe ameiwasha mapema kuficha jinsi inavyokataa kuamka ikiwa baridi. Mimi nilikuwa nimetazama rangi tu.

Kwa mhandisi alikaa zaidi. Aliipiga kiki ikiwa baridi, ikawaka mara ya pili. Aliangalia moshi kama si wa samawati, akavuta mnyororo kwa kidole, akagonga spoki moja moja akisikiliza, akakandamiza shokamzoba za nyuma kwa uzito wake wote. Hapo nilidhani tumemaliza. Kumbe watu wake hawanunui ngamia wa mizigo kwa kumtazama amesimama. Humlaza, humpakia, kisha humtazama anavyoinuka. Alimwomba mhandisi gunia la sukari, akalifunga kwenye keria, akapanda yeye mwenyewe nyuma yangu, akaniambia twende mpaka tuvuke daraja la Tana, tuendelee kwenye barabara mbovu ya upande wa pili, ndipo turudi. Tuliporudi hakuniuliza inakimbia vipi.

"Maalim, sasa umeshuka, mwili yako nataka nini?" aliuliza. "Kama nataka kulala, hii bikibiki si yako. Kama nataka chai tu, hii ni yako."

Nilitaka chai. Nikainunua ya kijivu, na wenzangu shuleni wakanicheka wiki mbili kwa ubaya wake.

Ilinichukua muda kujua kwamba gunia la sukari alilipima kwa ajili yangu, lakini kile kiti cha nyuma alikipima kwa ajili yake. Alitoka Eldas, mbali kaskazini, kupita Wajir. Miaka kadhaa nyuma alianguka kutoka juu ya lori la ng'ombe, nyonga ikapona vibaya, na tangu hapo hakuweza kuvumilia lori wala basi kwa safari ya kwenda kwao. Lori halisimami kwa sababu ya nyonga ya mtu mmoja, alisema, lakini pikipiki husimama ukimgusa dereva begani. Mama yake alikuwa hai huko Eldas, macho yameanza kufifia, na kila aliyetoka upande huo alileta ujumbe uleule: anauliza mwanawe anakuja lini. Siku moja akaniambia waziwazi, bila kuzunguka. "Nibeleke nione mama, maalim. Abate kunishika uso, basi."

Nilikubali mara moja, na kwa furaha. Tuliondoka Ijumaa moja, miezi ambayo barabara ilikuwa imetulia kidogo na askari wa vizuizini walitaka tu kujua tunakwenda kwa nani. Adeer alibeba khanga mbili za mama, majani ya chai na mafuta ya nywele. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Nyuma yangu aliimba nyimbo za kunywesha ngamia kisimani, na kila tuliposimama kunyoosha nyonga yake aliniuliza kama mimi nimechoka, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Njiani korongo moja la mchanga lilikuwa limejaa maji ya mvua iliyonyesha mbali, tukalisubiri kutwa. Jumamosi alasiri ndipo tulipoingia Habaswein, na hapo, wasomaji wangu, nilianza kuhesabu siku.

Jumatatu mkaguzi wa shule alitarajiwa. Nilimweleza adeer kwamba tukiendelea sitawahi, kwamba afadhali turudi, kwamba likizo ya Agosti haiko mbali na tutakuja kwa nafasi. Nilisema yote hayo nikiwa na kikombe cha chai mkononi na mwili usiouma popote. Aliitazama barabara ya Wajir. Kisha akasema, "Sawa. Kazi ni kazi," akainuka kuwatafuta watu wa Eldas waliokuja kuuza mbuzi, akawakabidhi khanga, majani ya chai, mafuta na salamu. Kurudi hakuimba. Mkaguzi hakuja Jumatatu ile, wala wiki ile. Agosti nilikwenda kwetu kula mahindi ya kuchoma, Septemba nikapata barua ya uhamisho, na kiangazi kilichofuata nikasikia kwamba mama amefariki. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema wahenga, ila hawasemi kwamba mara nyingi anayengojesha ni mmoja na anayeumia ni mwingine.

Siku hizi Garissa imejaa tuktuk na bodaboda, na kijana huchagua pikipiki kwa kutazama picha kwenye simu. Lami imesonga mbali kuliko tulivyoota, na mama aliye Eldas anaweza kusikia sauti ya mwanawe kabla chai haijachemka. Mimi si mtu wa kulaani maendeleo. Lakini naitamani sana, kuliko ninavyoweza kuandika, ile subira ya mtu anayeweka kiganja kwenye injini na kunyamaza; na zaidi namlilia yeye, uzito wake nyuma yangu, wimbo wake sikioni mwangu, mkono wake begani ukiniomba nisimame. Nimeendesha magari mazuri tangu hapo. Hakuna hata moja lililowahi kunipa safari kama ile nusu safari.

Jana nilimpigia tena binti yake kutoa rambirambi inavyopasa. Akanishukuru, akasema jina langu lilikuwa halikauki nyumbani kwao. Baba yao aliwasimulia mara nyingi jinsi maalim mmoja alivyompeleka kwa pikipiki mpaka Eldas, jinsi bibi yao alivyompapasa uso akalia, jinsi alivyonitengea maziwa ya ngamia nikanywa kibuyu kizima. Wajukuu wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Nilijibu kwamba barabara ilikuwa mbaya na baba yake hakulalamika hata mara moja, kisha nikaaga na kukata simu.

Sijui kama aliwasimulia hivyo kwa kunisitiri mimi au kwa kujifariji yeye. Nililojifunza ni hili: mtu akikuomba umfikishe kwa mama yake, kazi yoyote unayoiona mbele yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Na kwa kuwa sikuweza kulitamka kwenye simu, acha niliandike hapa. Binti yangu, hatukufika. Njia ilikuwa wazi, pikipiki ilikuwa nzima, baba yako alikuwa tayari kuendelea. Aliyegeuza ni mimi.