Jina la Baba Yake Kaneza

Masudi alirudi kutoka Kibondo siku ya Ijumaa, mwaka wa tisini na sita, watu wakitoka msikitini. Naima, mkewe, alisikia lori likisimama nje akatoka mbio na kanga kiunoni. Akamkuta mumewe anamteremsha mtoto wa kike wa miaka kama minne, amevaa sweta la kiume lililomfika miguuni.

"Huyu nani?"

"Hana mtu," alisema Masudi. "Mpe uji kwanza."

Akarudi kufunga milango ya lori.

Wote wawili walikuwa watu wa Kolo, Kondoa, na ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na mmoja bila mtoto. Walihamia Dodoma mjini, mtaa wa Ipagala, watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara ya nafaka. Masudi akapata kazi ya kuendesha lori la tajiri mmoja aliyepeleka mahindi kwenye kambi za wakimbizi wa Burundi, na Naima akauza mitumba soko la Majengo.

Mtaa ulikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza. Dereva, safari za mwezi mzima, mtoto asiye na mama! Mwenye macho haambiwi tazama. "Hebu liangalieni hilo paji la uso," walisema wanawake bombani. Naima alijifanya hasikii, lakini akimwogesha mtoto alikuwa akichunguza masikio, vidole na kucha, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuinunua. Siku nyingine aliona sura ya Masudi waziwazi. Siku nyingine hakuona kitu.

Mtoto alisema jina lake ni Kaneza, kisha hakusema tena. Alikuwa akilia tu, na akilia neno lilikuwa moja: "Mawe! Mawe!" Naima alimpapasa kichwa akitafuta kovu, akiamini amepigwa mawe huko vitani. Jirani yao Evodia, karani wa serikali, mtu wa Karagwe, alisikia kilio akaja.

"Da Naima, hasemi mawe haya ya kurusha. Hata kwetu tunasema hivyo. Anamwita mama yake."

Naima alikaa chini pale pale sakafuni. Tangu siku hiyo mtoto akiita, alikuwa anaitika, "Abee," hata kama hakuwa yeye anayeitwa. Miezi ikapita, na siku moja akawa ndiye.

Mwaka ulipogeuka, Kaneza alikuwa anazungumza Kiswahili na Kirangi cha Kondoa, kwa kuchanganya. Naima akataka karatasi. Hakutaka aamke siku moja akute mtu mlangoni anasema nipe mtoto. Evodia akampeleka ustawi wa jamii, kwa afisa aitwaye Ebenezer, mtu wa taratibu na miwani mizito.

"Mama, kuasili mtoto si kama kuchukua kifaranga kwa jirani," alisema. "Jaji atauliza mmempataje. Mumeo ataapa. Na ndugu zake, mmewatafuta?"

Fomu ilikuja nyumbani. Masudi aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya kabati. Wiki tatu zikapita haijasainiwa. Naima akajua sasa amepata jibu, kwa sababu mtu haogopi kuapa jambo la kweli.

Akaenda kwa Sheikh Halfani. "Mleeni, mpendeni, hata wasia mwandikieni," alisema sheikh. "Ila msimwite binti Masudi ikiwa Masudi hakumzaa. Nasabu ya mtu haifutwi kwa kalamu."

"Na kama kamzaa?"

Sheikh aliinamisha kichwa. "Hilo, binti yangu, kamuulize mwenyewe."

Jioni ile Naima alimtuma Kaneza kwa Evodia, akafunga mlango.

"Masudi, mtoto huyu ni damu yako? Sema tu. Nimeshamlea, sitamtupa. Lakini siwezi kwenda kusimama mbele ya jaji nikiwa mjinga."

Masudi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ndicho ulichodhani mwaka mzima?"

"Ungenipa kingine cha kudhani?"

Basi akaeleza. Karibu na mpaka, watu walikuwa wakitembea barabarani na mizigo, na bibi kizee mmoja alisimama mbele ya lori kamshika mtoto mkono. Tajiri alikuwa amekataza abiria. Masudi akamwambia bibi: mtoto nafasi ipo, wewe sina pa kukuweka, utamkuta kambini. Bibi akampandisha mtoto mwenyewe, akavua sweta lake akamvika.

"Nilishusha mzigo kambini, nikangoja mpaka jua linazama. Hakuja. Ilikuwa kilomita kumi tu, Naima. Ningegeuza gari. Au ningempa mtoto viongozi wa kambi. Lakini alikuwa amelala kwenye kiti, kanishika shati, nikakukumbuka wewe. Nikawasha gari nikaja nyumbani." Akajifuta uso. "Kila ukimwita yatima, najificha. Sijui kama ni yatima."

Naima alitafuta hasira hakuiona. Angekuwa ameletewa mtoto wa nje, angejua pa kuanzia: angenuna, angekwenda kwao Kolo, wazee wangeitwa, yangekwisha. Hili la sasa lilimgusa yeye mwenyewe. Kitu kilichoibwa kilikuwa kimeibwa kwa ajili yake.

Siku mbili alipika na kuuza nguo kama kawaida. Hakuna aliyejua. Fomu ingeweza kusainiwa, basi. Siku ya tatu akasema, "Tunakwenda Kibondo."

Kaneza walimwacha kwa Evodia. Naima alisema njia ni mbaya, mtoto ataumia. Ukweli ni kwamba aliogopa huko kambini watamzuia. Akabeba picha ya mtoto iliyopigwa studio. Njia nzima, Singida, Nzega, Kahama, aliomba Mungu wasimkute mtu, kisha akaona aibu kwa dua yake, kisha akaomba tena.

Kambini picha ilipita mikononi mwa watu wengi, mpaka mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Kaneza! Kaneza wa Bonifasi!" Alikuwa anajua Kiswahili cha Bujumbura, akawaeleza. Bonifasi na mkewe waliuawa nyumbani kwao. Bibi alifika kambini kesho yake baada ya lori kuondoka, miguu imevimba. Kila lori likiingia alikwenda kusimama mbele yake. Masika iliyofuata akashikwa na homa, akafa. Ndugu mwingine hakuna.

Masudi alikwenda kando akachuchumaa, kichwa mikononi. Naima alibaki amesimama na picha yake. Dua yake ilikuwa imejibiwa, na hakujua aipeleke wapi.

"Anakula?" aliuliza yule mwanamke.

"Anakula. Mlenda anaupenda sana."

"Basi," alisema mwanamke, akarudisha picha.

Mahakamani walitoa barua yenye muhuri waliyopewa na ofisi ya kambi, Masudi akaapa, akaeleza yote, hata lile la barabarani ambalo hakuulizwa. Jaji aliandika kwa muda mrefu bila kuinua macho.

"Na mtoto ataitwa nani? Wengi hutaka jina lao."

"Kaneza Bonifasi," alisema Naima. "Baba yake ana jina."

Amri ikatolewa. Mwalimu wa madrasa alipouliza Bonifasi ni nani katika nyumba ya Kiislamu, Naima alimjibu kwamba ni baba wa mtoto, marehemu, na kwamba ada ataleta yeye.

Kaneza alipofika miaka kumi na miwili, walimkalisha wakamwambia yote, Masudi akieleza sehemu yake mwenyewe. Msichana alisikiliza bila kulia. Siku nne hakuzungumza na Masudi, wala Masudi hakumlazimisha. Siku ya tano alimkuta anafunga turubai la lori, Naima akimshikia kamba.

"Baba, bibi yangu aliitwa nani?"

Masudi alimtazama Naima, Naima akamtazama Masudi. Walikuwa wamekwenda mpaka Kibondo, wakaleta jina la baba na barua yenye muhuri, na jina la bibi hawakuliuliza.

"Sijui, mwanangu," alisema Masudi. "Sikuuliza."

Shule zilipofungwa Masudi na Kaneza walikwenda Kibondo wawili, Kaneza kakaa mbele. Yule mwanamke hakuwepo tena. Alikuwa amerudi kwao na wengi waliorudi mwaka ule. Walirudi baada ya siku tisa bila jina. Masudi alikuwa amenyong'onyea, lakini Kaneza aliposhuka alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Naima.

"Mama, Baba amenionyesha pale bibi alipobaki. Ni barabara tu. Pembeni kuna shamba la mihogo na mti uliokatwa."

Akavuta kigoda, akaanza kueleza safari yote tangu Manyoni, na Naima akaepua sufuria ili asikie vizuri.