Nilivyoagwa kwenda Hispania

Mimi nimewahi kuagwa. Sizungumzii kupungiwa mkono kituoni. Niliagwa kwa pilau, kwa keki yenye ramani ya Ulaya na kwa sala mbili, ya Kikristo na ya Kiislamu, kwa sababu Watanzania wa Dallas tukikutana hatutaki mtu arudi nyumbani amenuna. Ilikuwa majira ya joto ya 2018, kwenye ukumbi wa apatimenti zetu pale Euless, ndege zikipita juu kila baada ya dakika chache na kila msemaji akinyamaza kuzisubiri. Niliagwa naenda Hispania kusoma Kihispania kwa wiki sita. Karatasi ya chuo ilisema nitaishi katika “mji wa pwani wenye utajiri wa utamaduni”, na mama mdogo aliyasoma maneno hayo mbele ya watu mara tatu.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu wa Texas avuke bahari kutafuta Kihispania. Jirani yetu wa chini alikuwa Mmeksiko. Fundi wa gari letu alikuwa Mmeksiko. Kwenye ghala la Mesquite nilikofanya kazi wikendi utani wote ulikuwa wa Kihispania, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka nusu dakika baada ya wenzangu. Lakini Kihispania cha jirani hakikatiwi keki.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu wa kunizaa, na ndiye aliyenipokea Marekani. Kazi yake ni kusukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege: anasukuma wazee, wagonjwa, na watu wazima wenye miguu yao kamili ila hawapendi foleni. Nilipofika aliniomba jambo moja tu. “Ukiongea na mama yako, kazi yangu sema niko uwanja wa ndege. Inatosha.” Nikasema hivyo hivyo. Kule Morogoro watu wakajazia wenyewe, na mara ya mwisho nilipofuatilia alikuwa amebakiza kidogo awe rubani.

Katika mikusanyiko yetu mama mdogo alikuwa mtu wa sahani. Wale wa Plano, wenye ofisi zao na watoto wao wa vyuo vikubwa, walikaa meza ya mbele. Yeye alipakua, akazungusha soda, akala wa mwisho tena kwa kusimama. Siku ya kuniaga walimkalisha meza ya mbele. Alivaa kitenge kipya, akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, na chakula akaletewa. Nikamwona anamwangalia aliyemletea, hajui aseme asante au ainuke amsaidie. Nilifurahi kuliko nilivyoifurahia keki.

Sasa, viza. Pasipoti yangu ilikuwa Houston, kwenye ubalozi mdogo wa Hispania, na mpango ulikuwa nipande basi Jumatatu, niichukue, kisha Jumanne niruke kutoka hukohuko. Dirishani karani akanionyesha, kwa upole kabisa, kwamba fomu yangu ina ukurasa mmoja ambao sikuusaini. Walikuwa wameniandikia barua pepe wiki tatu nyuma. Sikuifungua, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nachagua keki. Nafasi nyingine ya kuonana nao ilikuwa baada ya wiki tano.

Mtu mwenye akili zake angepanda basi akarudi Euless. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa barabara, jua la Houston linanipika, nikaifikiria ile meza ya mbele. Mtu akishaagwa hawezi kurudi kesho yake. Zawadi amepokea, sala zimeshapanda, utazishusha vipi? Viza ningeomba nyingine. Ila mama mdogo angeinuka kwenye kile kiti na asingekikalia tena, na angeinuka kwa sababu yangu. Hilo ndilo lililonitia hofu, na sikuona lingine.

Nikampigia rafiki yangu Mkenya, muuguzi, aliyekuwa amehamia Houston mwaka uliotangulia. Nikamweleza nikilia. Yeye akacheka.

“Aki wewe, sasa utarudi uwaambie nini? Kuja u-stay kwangu. Hii si pia ni coast? One hour hivi na uko beach.”

“Na wakitaka ushahidi?”

“Uta-send picha. Nani ata-zoom?”

Chuo nacho kilinipa njia ya kujiokoa: nikifaulu mtihani wa mazungumzo mwezi wa nane, alama nitapata zilezile. Kwa hiyo nilikuwa na wiki sita, godoro sebuleni kwa rafiki, na Kihispania cha kutafuta kwa mikono yangu.

Siku ya pili, kwenye ngazi za apatimenti, nilikutana na mama mmoja mtu mzima, mweusi, kilemba kichwani, na nyuma ya mlango wake ulioachwa wazi kulikuwa na harufu ya samaki wa nazi. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani, huyu ni mtu wa Tanga. Nikapiga goti kidogo: “Shikamoo mama!” Akaniangalia juu mpaka chini, akanijibu kwa Kihispania. Sikuelewa hata neno moja, ila nilielewa kwamba nimekaribishwa ndani.

Kumbe alikuwa Mgarifuna. Ni watu weusi wa pwani ya Honduras, wana lugha yao wenyewe, ngoma zao, na Kihispania juu yake. Alilea wajukuu watatu waliomjibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyotujibu sisi, na alikuwa na hamu ya mtu wa kumsikiliza. Alikuwa na kinu cha mti na mchi wake, vimetoka Honduras vimefungwa ndani ya blanketi. Darasa langu likawa pale. Asubuhi tulichemsha ndizi mbichi, tukazitwanga, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio, bibi naye akamjibu kwa mchi. Nikikosea neno alinirudisha, nikikosea kutwanga aliupokonya mchi wenyewe. Mji wake wa nyumbani alinisimulia mtaa kwa mtaa: nani aliuza mkate wa nazi, wapi walicheza ngoma siku ya maziko, bahari ilifika mpaka mlango upi. Nilikuwa nimefika kwenye mji wa pwani wenye utajiri wa utamaduni, ila uko ghorofa ya pili, kando ya barabara kuu.

Jumamosi tulikwenda Galveston kupiga picha za Hispania. Bahari ya pale ina rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo rafiki yangu alinipiga kuanzia kiunoni kwenda juu, nyuma yangu anga. Nikamtumia mama mdogo. Baada ya muda picha ikatokea kwenye kundi la Watanzania, imekatwa upande wa kulia. Pale kulia kulikuwa na mzungu mmoja kifua wazi, amesimama kando ya gari lake. Nikacheka peke yangu, nikajua mama mdogo ameficha kifua cha watu.

Jumamosi nyingine alinipigia kwa video alipotoka kazini, saa kumi na moja jioni, nami niko ufukweni tena. “Ona jua, mama mdogo!” nikageuza simu nimwonyeshe. Akaisogeza simu karibu na uso.

“Jua la Ulaya lina nguvu,” akasema. “Umekula?”

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

Nikamwambia wali wa kihispania wenye kamba na kome, niliousoma kwenye ile karatasi. Akaniambia nisiache kunywa maji.

Wiki sita zikaisha. Nilimwambia mama mdogo kwenye simu narudi kwa ndege mbili, ya kwanza inaniteremsha Houston, ya pili inanifikisha Dallas. Ya pili ilikuwa ya kweli. Nilitua na kofia ya mkeka na uongo ulionyooshwa pasi, na pale mlangoni mwa ndege nikamkuta mama mdogo, ndani ya sare yake, ameshika kiti kitupu.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba. Kaa.”

“Mimi?”

“Kaa, nionekane niko kazini. Nje kuna watu kumi na wawili, wameleta na puto.”

Nikakaa, mkoba mapajani. Akaanza kunisukuma. Ukisukumwa humwoni uso anayekusukuma, unamsikia tu juu ya kichwa chako.

“Houston kulikuwa na joto?” akauliza.

“Nili-connect tu pale, sikutoka hata—”

“Mwanangu.”

Nikaukumbatia mkoba.

“Abiria wa Madrid nawasukuma kila wiki. Wakiniuliza saa ya kwao nawajibu bila kuangalia popote. Wewe ulinionyesha jua saa sita ya usiku.”

Kiti kikaendelea kwenda. Tukapita duka la vitabu, tukapita vyoo.

“Na ile picha,” akasema, “lile pickup lilikuwa na namba za Texas. Nililikata mimi.”

“Kumbe ulijua wakati wote?”

“Nilijua. Na hapa nimejibu maswali wiki sita. Nimewaambia mwenyeji wako ni mjane. Nimewaambia una mafua, umepona. Mpaka nimechoka.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Alisimamisha kiti kumpisha mtu na watoto wake. Hakuanza kusukuma tena.

“Na mimi niliagwa,” akasema. “Mbuzi wawili. Mama yako ndiye aliyenishonea gauni. Nilikuwa nakuja kusomea uuguzi. Muhula mmoja nilisoma, mmoja, basi. Wewe ungenieleza nini ambacho mimi sikijui?”

Nilitaka kugeuka, akanibonyeza bega nitulie.

“Wala kutokwenda kwako hakukuniuma,” akaendelea. “Kilichoniuma ni kwamba uko saa nne za basi kutoka kwangu, na mimi sijui unakula nini.”

Hapo nilichoka. Nikalia pale kitini, na watu wakatupisha kwa heshima, maana nilionekana mgonjwa kweli. Nikamwambia yote: ukurasa usiosainiwa, keki, ngazi, shikamoo, kinu. Nikamwambia nimekula samaki wa nazi karibu kila siku. Akacheka kwa pua, akaanza kusukuma tena.

“Ukitoka pale useme kitu,” akasema tulipokaribia milango. “Kwa Kihispania. Kiwe kirefu.”

Milango ikafunguka. Puto, vigelegele, simu juu. Nikainuka kwenye kiti na kusema kwa sauti kila nilichofundishwa kuhusu ndizi: zitwangwe zingali moto, mkono uloweshwe kwanza, na mwenye hasira asipewe mchi. Kikatoka bila kukwama, hata mimi nilijishangaa. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wetu, mzee wa Plano, akauliza nimesemaje, na kabla sijafungua mdomo mama mdogo alishanitafsiria.

“Anawashukuru kwa sala zenu.”

Mtihani nilifaulu. Mwalimu alisema lafudhi yangu ni ya pwani kabisa, akataka kujua mji gani. Nikamwambia ni mji wenye utajiri wa utamaduni, akaandika.

Jumapili iliyofuata mama alipiga simu kutoka Morogoro, nikaiweka kwenye spika. Aliniuliza habari za Ulaya, nikamjibu kwa kifupi. Mama mdogo alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anaosha vyombo.

“Na mdogo wangu?” mama akauliza. “Bado yuko na ndege zake?”

Maji ya bomba yakafungwa. Mama mdogo hakugeuka, ila mikono yake ilikuwa imesimama juu ya sahani.

“Yuko, mama,” nikasema. “Kuna watu hawawezi kuifikia ndege yao bila yeye.”

Maji yakafunguliwa tena.