Matanga ya Karani

Temeke nzima ilimjua Mzee Kapera kwa mambo mawili: kuwamba vitanda na kuvuruga misiba. Vitanda aliviwamba kwa kamba za usumba wa nazi, akivuta na kukaza hadi mtu mnene akijitupa juu yake usisikike hata mlio. Misiba aliivuruga kwa haki yake kabisa. Yeye alikuwa Mnyamwezi, majirani zake karibu wote Wazaramo, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara, mizigo ya bara ilipokuwa ikishuka pwani mabegani mwa watu. Akifa Mzaramo, Mnyamwezi ana ruhusa ya kumcheka maiti, kumcheka mfiwa na kuusema vibaya uji wa matanga, na atakayenuna ndiye atakayeonekana hana adabu.

Alishuka kwa gari moshi kutoka Tabora akiwa kijana, Mwingereza hajamaliza hata miaka kumi tangu ampokonye Mjerumani nchi. Akaoa, mkewe akafa kwa homa, hakuoa tena. Watoto hakujaliwa. Kufika mwaka wa arobaini na tisa alikuwa anakaribia umri wa miaka hamsini, ana chumba kimoja, baraza moja na paka mmoja.

Paka huyo aliitwa Karani. Mwili mweusi, kifua cheupe kama aliyevaa shati la ofisini. Hakukanyaga tope, hakukamata panya, na kila adhuhuri alikaa barazani, macho kayafumba nusu, akiangalia watu wengine wakifanya kazi. Paka wa mtaani walimwogopa; hakuna hata mmoja aliyethubutu kuweka mguu kwenye baraza ile. Kazi yake pekee ilikuwa kuichezea ncha ya kamba Kapera alipokuwa akiwamba, naye Kapera akimtukana kutwa nzima: "Ondoka, hayawani we! Kitanda cha watu hiki!" Kisha anamnunulia kichwa cha samaki kwa Bi Somoe, jirani yake aliyekuwa akikaanga samaki upande wa pili wa ua wa makuti.

Huyu Bi Somoe alikuwa na kisasi chake na Kapera. Miaka miwili nyuma alifiwa na mumewe, Mwinjuma, mtu mwema aliyechechemea mguu mmoja na kuchelewa kila mahali. Siku ya maziko, watu walipofika makaburini na jeneza walimkuta Kapera yumo kaburini tayari, kajilaza ndani ya mwanandani anamolazwa maiti, mikono kifuani.

"Panatosha," alisema. "Mie nakaa. Huyu Mzaramo mrudisheni kwao. Maisha yake yote hajawahi kuwahi popote, leo haraka ya nini?"

Wazee waliomba astaghfirullah huku wameziba midomo wasionekane wanacheka. Hakutoka mle mpaka alipoahidiwa mguu wa mbuzi wa arobaini. Na waliporudi nyumbani akavaa kanzu ya marehemu, akachechemea hadi mlango wa uani walikokaa wanawake, akaita kwa sauti ya kukwaruza ile ile ya Mwinjuma: "Somoe! Chai yangu imekwenda kuhiji?" Bi Somoe, katikati ya kilio, akamrushia upawa. Ulimpata begani barabara.

Basi ndiyo mambo yake, na watu walimpenda kwayo.

Karani alikufa Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, chini ya kitanda ambacho Kapera hajamaliza kukiwamba. Hakufa kwa kelele. Alikuwa amezeeka, akakohoa siku mbili, akakataa kichwa cha samaki, akalala. Kapera alimburutia ncha ya kamba puani mara mbili tatu, na alipoona hata sharubu hazitikisiki, akakaa chini sakafuni, kamba mkononi.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa uchungu. La pili, lililokuja nyuma yake mbio, lilikuwa Wazaramo. Wakijua! Wakijua kwamba Kapera, aliyelala kaburini mwa watu, anamlilia paka! Alijua watakachofanya, maana angekuwa yeye, angekifanya yeye kwanza. Wangemwimbia sokoni. Wangemfuata na jambo hilo mpaka siku anakufa yeye mwenyewe, na siku hiyo wangelisimulia upya.

Hivyo alfajiri akachimba shimo nyuma ya nyumba, karibu na mpapai, akamviringisha Karani katika kipande cha kanzu yake ya Idi, akamfukia, akatandaza majani makavu juu. Machozi yalimjia akayameza. Jua lilipochomoza alikuwa barazani anavuta kamba kama kawaida, na saa nne akaenda kununua kichwa cha samaki.

"Karani hajambo?" aliuliza Bi Somoe.

"Hajambo. Anasema jana chumvi ilizidi."

"Mwambie aje akaange mwenyewe."

Wiki ikapita hivyo. Kila siku alinunua kichwa, kila siku alikiweka nyuma ya mlango asijue akipeleke wapi. Kukila hakuweza, wala chakula kingine. Kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba kazi ilikuwa inakwenda upesi. Ncha ya kamba ilitulia chini, hakuna wa kuikamata, wala wa kumtukana, na kitanda cha siku mbili kikawa kinakwisha kwa siku moja. Alivichukia vitanda vile. Alimkumbuka Karani hadi mikono ikawa mizito, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa wote aliowajua aliwahi kuwacheka.

Jumatano akafa Mzee Kondo, muuza tumbaku. Watu walikwenda makaburini wakijua Kapera atakuwa amewatangulia. Wakakuta kaburi tupu. Kapera alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia kichwani, mikono ameikunja kama mgeni asiyemjua marehemu. Wakangoja. Maiti akashushwa polepole kwa makusudi, ili apate nafasi. Akatupia udongo kama wengine. Maziko yalipokwisha, mtoto mkubwa wa marehemu alimfuata, macho mekundu.

"Shikamoo, Mtani. Baba alikukosea nini?"

"Marahaba. Hakunikosea kitu, mwanangu."

"Mbona basi umemzika kama mbwa?"

Kapera aliteremsha kofia hadi kwenye nyusi. Alirudi nyumbani akajifungia, na kwa mara ya kwanza tangu aje Temeke aliwaza kurudi Tabora.

Habari ilimfika Bi Somoe kabla mafuta hayajapata moto. Akasimama na upawa wake mkononi, akageuka kutazama baraza ya jirani. Pale barazani walikuwa wamelala paka watatu wageni. Mmoja chongo, mmoja hana mkia, wa tatu amejinyoosha mahali hasa pa Karani, tumbo juu, kama aliyelipia. Bi Somoe akachungulia nyuma ya nyumba kupitia ua, akaona ncha ya kanzu imejitokeza kwenye udongo karibu na mpapai. Akaepua karai.

"Mwanaasha!" alimwita shoga yake wa nyumba ya tatu. "Hebu njoo. Jifunge kibwebwe, tuna msiba."

Alasiri ile Kapera alisikia kilio mlangoni kwake. Kilio kamili, cha wanawake watano, kile kinachomwamsha mtu akatafuta kofia.

"Karani weee! Umetuachia nani? Nani atatulalia mchana, Karani? Nani atatudharau?"

Alipofungua mlango aliwakuta wametandika mikeka barazani. Wamejipaka majivu usoni, vibwebwe kiunoni. Mwanaasha ameshika sufuria la uji. Na mbele yao, kwa miguu na mikono, yupo Bi Somoe mwenyewe, mtu mzima, kajifunga nyuma mkia wa kamba ya usumba, anatembea kwa vidole na kuruka tope ambalo halikuwapo. Alifika miguuni pa Kapera, akakaa kitako, akalamba mgongo wa mkono wake, akamtazama kwa macho nusu.

"Kapera," alisema kwa sauti ya puani, ya mtu aliyesoma. "Nina siku tele sasa tangu nife. Hata uji hujawapa watu?"

"Tokeni!" Kapera alifoka. "Tokeni hapa, Wazaramo nyie! Nani kawaambia?"

"Paka watatu," alijibu Mwanaasha.

"Halafu umenizika na kanzu kuukuu," akaendelea Bi Somoe. "Mie karani! Suruali iko wapi? Kalamu iko wapi? Nikiulizwa huko niendako nitasaini na nini?"

Kapera alifungua mdomo amtukane. Kilichotoka ni kicheko. Kilitoka vibaya, kwa nguvu, kikamkunja tumbo hadi akashika kizingiti; na kilipofika mwisho hakikuisha, kiligeuka kilio. Alilia pale pale mlangoni, mbele ya wanawake watano na wapita njia, kamasi zikimtoka, akisema, "Alikuwa mwenzangu. Miaka kumi na moja. Sina mwingine, jamani, sina mwingine."

Mwanaasha aliweka sufuria chini. Bi Somoe alifungua mkia wake, akakaa mkekani karibu naye.

"Nilijua mtanicheka," alisema Kapera, akijifuta kwa mkono wa shati.

"Tumekuja kukucheka. We ulidhani tumekuja kufanya nini?"

"Paka tu, Bi Somoe. Watu wanafiwa na waume."

"Mie ndiye niliyefiwa na mume, usinifundishe." Akachota uji katika bakuli, akamwekea mkononi. "Siku ya Mwinjuma nilikuwa na siku mbili sijatia kitu kinywani. Watu wananipa pole, nanywa pole zao, tumbo tupu. Ukaja we mwendawazimu na kanzu yake, ukaniulizia chai. Nilikuchukia, Kapera. Wallahi nilitaka nikupasue kichwa, ule upawa ulikwenda upande tu. Halafu ulipoondoka, nikasikia njaa. Kunywa."

Akanywa. Ulikuwa mwembamba na una mabonge.

"Uji gani huu," alisema. "Hata maiti angeukataa."

"Ndiye huyo, amerudi," Mwanaasha akawaambia wenzake, na vicheko vikaanza upya.

Walikaa matanga hadi magharibi. Walikwenda mpapaini, Bi Somoe akalala juu ya kaburi na kukataa kuinuka mpaka aahidiwe kuwambiwa kitanda. Kapera alimwambia kitanda chake hakihitaji kuwambwa, kinahitaji kuombewa dua kwa mzigo kinaoubeba. Kabla ya kulala alipita kwa mtoto wa Mzee Kondo, akamwomba radhi, kisha akamwigizia baba yake anavyonusa tumbaku na kupiga chafya saba, mpaka kijana wa watu akalia na kucheka kwa pamoja.

Kesho yake adhuhuri Kapera alikuwa barazani peke yake na kitanda kipya. Alivuta kamba, ncha ikaburutika sakafuni, ikasimama. Mkono wake uliteremka wenyewe kumfukuza mtu asiyekuwapo. Machozi yakaja. Alikaribia kuyameza, kwa mazoea, halafu akayaacha. Akalia kwa sauti, jua la utosini, mtaa mzima unapita. "Pole, Mtani," walimwambia wapita njia, wakaendelea na safari zao.

Upande wa pili wa ua wa makuti mlio wa mafuta ukakatika. Bi Somoe alikuwa ameepua karai.

"Kapera!" aliita.

"Naam?"

"Paza sauti bwana, huku hatukusikii vizuri."

Akapaza.