Pamba ya Fundi Jilala

Fundi Jilala wa Ngokolo alikuwa na neno lake moja, na mji mzima wa Shinyanga ulilijua: "Injini haisemi uongo. Waongo ni madereva." Alilisema akifungua boneti, alilisema akinywa chai, na madereva walimvumilia kwa kuwa mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ulimi wake.

Mwaka wa sabini na nne, lori la Ramniklal, mfanyabiashara wa mchele, lilivutwa kwa mnyororo kutoka Tinde. Lilikuwa safarini kwenda Kahama, siku mbili tu baada ya Jilala kulibadilishia oili. Injini ilikuwa imegonga.

"Mshale wa oili ulilala, nikasikia inagonga, nikazima palepale," alisema dereva, Pantaleo.

Ramniklal alikuwa amekwisha kukunja uso. "Jilala, tazama wewe. Kama huyu ametembeza gari bila oili, leo hii anarudisha funguo."

Pantaleo, baba wa watoto sita, alikaa juu ya tairi bovu akitazama chini.

Jilala alitabasamu. Huyu kaiuza oili njiani, alijiambia. Akachomoa kijiti cha kupimia: oili imejaa hadi alama. Akaisugua kwa vidole, akanusa: nzito, haina hata harufu ya dizeli. Akaingia chini ya lori: nati ya sampu, inakokaa oili, kavu, hakuna tone. Tabasamu likaanza kupungua. Kama oili ipo, tena nzuri, basi haifiki inakotakiwa. Akafungua kikombe cha chujio la oili.

Kwenye tundu la kupeleka oili ndani ya injini palikuwa na donge la pamba, jeusi tii, limesukumwa na oili hadi likakaza.

Jasho lilimtoka. Mafundi wenzake, wakifungua injini, waliziba matundu kwa matambara vumbi lisiingie. Ni yeye peke yake aliyedai kwamba matambara yana mchanga, na kwamba hakuna kitu safi kama pamba ya shamba la mkewe, Mbuke. Sasa alikumbuka. Juzi, kikombe kikiwa mkononi, alisikia sauti ya mama mkwe barabarani. Mkwe hasalimiwi ukiwa umelala chali na grisi hadi masikioni! Alikimbia kuoga, akavaa shati la Jumapili, akachuchumaa kwa adabu, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Aliporudi, ameshiba ugali na sifa, alifunga kikombe bila kuchungulia.

Hakuna aliyeona. Donge lile lingeingia mfukoni bila tabu, na watu wangeamini kosa ni la dereva kama walivyozoea kusikia. Jilala alilala pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kutoka pale aliiona miguu ya Pantaleo, kandambili moja imeungwa kwa waya.

Akatoka, akafungua kiganja mbele yao.

"Pamba hii ni yangu. Pantaleo hana kosa. Angechelewa kuzima, krenki ingekwisha. Sasa ni beringi tu, na nitazibadilisha mwenyewe, sitaki hata chai."

Ramniklal aliitazama pamba, akamtazama fundi, kisha akacheka hadi miwani ikamdondoka. "Pamba ya watu wote inakwenda jineri kuchambuliwa. Yako wewe inakwenda ndani ya gari yangu!" Akageuka, akamtupia Pantaleo funguo.

Toka siku ile, kila donge la pamba la kuzibia tundu, Jilala alilifunga uzi mwekundu mrefu, ukaning'inia nje kama mkia wa mbuzi. Watoto wa Ngokolo walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Lakini siku ile Pantaleo hakuondoka mara moja. Alijifuta uso, akazichezesha funguo mkononi, akauliza, "Fundi, lile neno lako la injini na madereva, hebu tulisikie."

Jilala akakohoa. "Injini haisemi uongo," alisema, akainama kutafuta spana.

Nusu ya pili haikusikika tena Ngokolo.